Cornus ya matawi ya rangi: usilipie urefu

Malalamiko ya wanunuzi wa Cornus, kichaka cha bustani kinachopandwa kwa ajili ya rangi ya matawi yake wakati wa baridi, ni yaleyale: kichaka kilinunuliwa kikiwa chekundu, miaka mitatu baadaye kimekuwa cha kijivu. Mche hauna kosa. Rangi kali ya Cornus huwa kwenye gome la matawi ya mwaka mmoja, na gome likikomaa hufifia. Ndiyo maana kila mwisho wa majira ya baridi, kabla majani hayajachipua, matawi hukatwa vikabaki visiki vya sentimita 5 hadi 8.

Sasa tazama bei. Mche mrefu kwenye chungu cha lita 10 unauzwa mara kadhaa ya ule wa lita 2, na urefu wote huo utaukata mwenyewe! Wauzaji wanalijua hilo vizuri, hawasemi. Wewe angalia chini: sogeza udongo kwa kidole uone kama matawi matatu au manne yanaanzia shinani. Ukikuta mguu mmoja mnene unaotoa matawi juu tu, urudishe.

Kwangu wa kwanza, na sifichi upendeleo, ni Cornus alba ‘Sibirica’. Wekundu wake ni wa pilipili iliyoiva, huvumilia udongo wenye majimaji, na ukishazoea ardhi haulalamiki kukatwa kila mwaka. Uache msimu wa kwanza ukue. Lebo ikisema Cornus alba tu, hujui utapata wekundu gani.

Wa pili ni Cornus sanguinea ‘Midwinter Fire’, manjano chini na nyekundu nchani. Hukua taratibu, ukiukata wote ungali mchanga, unadhoofika. Subiri miaka miwili au mitatu, kisha ondoa theluthi ya matawi, yale makongwe.

Cornus sericea ‘Flaviramea’, ya manjano-kijani, ni nzuri lakini mvamizi: tawi likigusa udongo huota mizizi. Cornus alba ‘Kesselringii’ ina matawi ya zambarau karibu nyeusi, hivyo bila ukuta mweupe nyuma yake haionekani.

Yote yanataka jua. Kivulini rangi hupooza. Usinunue yakiwa na majani, kwa sababu rangi ya matawi huwa haijakolea, na majani ya ‘Elegantissima’, aina nyingine ya Cornus, yenye kingo nyeupe yatakuteka macho ukasahau ulichofuata.

Huna hela? Majani yakishapukutika, omba vipandikizi vya sentimita 25, unene wa penseli, uchomeke theluthi mbili udongoni.