Gemu 14 za Yu-Gi-Oh kwa mpigo, na muuzaji aliyenitibua

Nianze na jamaa wa duka, maana bila yeye nisingeandika haya. Nilimrudishia gemu niliyoinunua kwake, kava safi, haina hata mkwaruzo, nikamwambia kwa upole kabisa: kaka, nipunguzie unavyoweza, nichukue nyingine. Akaigeuzageuza kama mtu anayekagua samaki wa juzi. "Braza, hizi si zile za kadi za watoto? Magemu ya Game Boy hayo, watu wanacheza bure kwenye simu. Nani atanunua?"

Wiki kadhaa nyuma, mtu huyuhuyu, kwenye kaunta hiyohiyo, aliniambia zimebaki mbili na kuna mteja yuko njiani anazifuata zote.

Basi. Gemu yenyewe ni Yu-Gi-Oh! Early Days Collection, mkusanyiko wa gemu za kupigana kwa kadi za Yu-Gi-Oh, kampuni ya Konami waliitoa mwaka 2025. Ndani kuna gemu 14 za enzi za Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance, zile mashine za mkononi za Nintendo, zikiwemo kadhaa ambazo zamani zilibaki Japani na sasa ndiyo unazisoma kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Mimi nina ya Nintendo Switch. Mengine mtayaona nyuma ya kava.

Kwa nini mtu mzima mwenye familia anunue kitu hiki? Kwa sababu ya kibanda cha gemu cha mtaani kwetu. Tulikuwa tunacheza Forbidden Memories, gemu nyingine ya Yu-Gi-Oh, kwenye PlayStation ya kwanza, mmoja ameshika pedi, wengine saba nyuma yake wanatoa amri. Kiingereza hatukijui, sheria hatuzijui. Tulichojua ni kwamba ukichanganya joka na mnyama wa radi unaweza kupata Twin-Headed Thunder Dragon, nguvu ya kushambulia pointi 2800, na hapo kibanda kizima kinapiga kelele. Memori kadi ilikuwa ya mwenye kibanda. Siku moja mwanawe akafuta kila kitu ili asevu mpira. Sijamsamehe mpaka leo, na nasikia siku hizi ni fundi bomba mzuri tu.

Kosa la kwanza ni langu: nilidhani Forbidden Memories imo. Haimo. Mkusanyiko huu ni wa gemu za mkononi peke yake. Nilipitia orodha mara mbili, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Hasira zikapoa nilipoingia The Sacred Cards, moja ya zile 14. Hapo, wallahi, nilirudi utotoni. Unatembea mjini, unapiga soga na watu, unapigana, unanyang'anya kadi. Mambo ya maji na moto yanachekesha: kijitu cha maji chenye pointi za kuokoteza kinamzima mnyama wa moto anayemzidi mara nne, kwa sababu maji huzima moto, hakuna mjadala. Na ukirudi kwenye ile gemu ya kwanza kabisa ya 1998 unakuta Blue-Eyes White Dragon, pointi 3000, anashuka mezani bila kafara yoyote, yaani bila kutoa kwanza wanyama wako wengine. Hakuna usawa hata kidogo. Ni kama draft la kijiweni ambapo mwenye kete ndiye mwenye sheria. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akatoka kuniangalia.

Anayetaka mchezo wenye akili, unaofuata sheria za kadi halisi za mezani, aende The Eternal Duelist Soul. Ina kadi zaidi ya 800, na ukizembea kupanga deki, yaani fungu lako la kadi, utapigwa na wale wa mwanzo kabisa. Hii peke yake ingenitosha. Destiny Board Traveler sina la kusema, niliifungua mara moja nikaifunga.

Halafu nikafungua Reshef of Destruction.

Hii gemu ni mwendelezo wa The Sacred Cards, na nadhani walioitengeneza walikuwa na kisirani na watu waliomaliza ile ya kwanza. Ukishinda pambano, hurudishiwi uhai. Unaingia kwa adui wa pili na damu ileile iliyobaki, naye amejaa tele. Kadi kali unazo mkononi lakini huruhusiwi kuziweka kwenye deki kwa sababu kiwango chako ni kidogo, na kiwango chenyewe kinapanda kama mshahara wa serikali. Pesa unazoshinda ni za kununulia kashata.

Ndipo unapogundua kitufe cha kurudisha nyuma. Mkusanyiko huu unakuruhusu kurudisha mchezo nyuma, kuukimbiza mbele, na kusevu popote. Umetupa kadi mbaya? Rudisha. Adui kakutegea mtego? Rudisha, sasa unajua mtego ulipo. Kwa siku mbili nilijiona bingwa. Siku ya tatu nikashinda pambano gumu sana na sikusikia chochote moyoni. Hakuna kelele, hakuna hata wa kumpigia simu. Unamwambia nini? Kwamba umemshinda mtu ambaye umeshaziona kadi zake zote mara tisa? Pale kibandani tulishindwa jioni nzima, tukashinda mara moja, na ile mara moja tukailalia.

Nikaapa sitakigusa tena. Nikacheza kiume. Nikapigwa kiume pia, siku nne. Usiku wa nne, usingizi machoni, nimebakiwa na uhai wa kubahatisha mbele ya adui aliyejaa, nikasema potelea mbali, nifungue nilipokuwa nimesevu kabla ya pambano. Kidole kikaenda kwenye kusevu badala ya kufungua. Nikasevu kifo changu juu ya uhai wangu. Kurudisha nyuma nako kunarudi hatua chache tu, na hatua zote hizo nilikuwa nimeshapigwa. Sevu ya ndani ya gemu yenyewe nilikuwa sijaigusa tangu mwanzo wa wiki.

Kwa hiyo tangu utotoni mpaka sasa, mfutaji amehama kutoka kwa mtoto wa mwenye kibanda akawa mimi. Nilikaa kwenye kochi kimya. Asubuhi nikaibeba nikaenda dukani.

Nilipomsimulia muuzaji, akijibu huku anachati, akasema: "Si ungesevu?"

Si ungesevu! Nimesevu ndiyo maana niko hapa, ndugu yangu. Na ile ya kusema bure kwenye simu ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu ana ukweli fulani ndani yake, na sipendi mtu mwenye dharau awe na ukweli. Gemu hizi ni za zamani, picha ni chembechembe, maandishi ya Kiingereza mengine yanaparaza. Kucheza na mtu mtandaoni, ilipotoka, ilikuwa kwa gemu moja tu kati ya 14, ile Duel Monsters 4. Moja! Watu tulizaliwa kwenye kupigana ana kwa ana, halafu unatupa dirisha moja la nyumba nzima. Nilipofika kituo cha daladala nilikuwa nimeshaamua: msinunue, ni pesa ya kutupa, nendeni mkale chipsi kuku.

Ila njia nzima nilikuwa nayo mfukoni na mkono juu yake.

Jioni mpwa wangu akaja, ana miaka kumi na moja, akaniuliza, "Mjomba, hii ndiyo ya kadi?" Nikampa The Sacred Cards, nikamwonyesha vifungo vyote isipokuwa kile cha kurudisha nyuma. Akapigwa mara tatu na mtu yuleyule. Mara ya nne akaweka kitu cha maji mbele ya kitu cha moto, kwa kubahatisha tu, na kelele aliyopiga niliwahi kuisikia mahali.

Sasa sijui niwaambie nini. Kwa bei niliyopigwa, hapana. Ikishuka nusu, chukueni bila kuuliza, ila Reshef mwachieni aliyeitengeneza. Yangu ipo, haina mkwaruzo, anayeitaka tutaelewana bei, isipokuwa wikendi hii dogo anarudi.