Vibali vya gesti yenye kifungua kinywa Dodoma: huduma ipi inakwenda, ipi inakwama

Wengi wanaogeuza nyumba ya Ilazo, Kisasa au Nzuguni kuwa gesti yenye kifungua kinywa huanzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa sababu ndiko kwepesi. Jina la biashara husajiliwa mtandaoni kwa namba ya NIDA, na cheti unakichapa mwenyewe. Huduma hiyo tunaisifu bila kusita. Angalizo ni moja tu: majina yako ya NIDA, TIN (namba ya mlipakodi) na hati ya nyumba yafanane herufi kwa herufi, maana tofauti ndogo hukusumbua katika kila ofisi inayofuata.

Lakini kuanzia BRELA ni kuanza katikati. Kinachoamua kama gesti itafunguliwa ni ardhi, na ndiyo hatua ndefu kuliko zote.

Dodoma ina historia yake katika hili. Hadi Mei 2017 viwanja vya mji vilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyotoa hati za miaka 33. Rais Magufuli alipoivunja, kazi zake zilihamia halmashauri na akaagiza hati hizo ziwe za miaka 99. Kama unanunua au kupanga nyumba ya zamani ya Area C au Area D, uliza kwanza hati imebadilishwa au bado ni karatasi za CDA. Kisha soma sehemu ya matumizi. Ikiwa imeandikwa makazi, kulaza wageni kwa malipo hakuruhusiwi hapo, hata kama nyumba ya pili yake ina kibao cha gesti.

Ombi la kubadili matumizi hupelekwa kwa maofisa mipango miji wa Jiji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Andaa nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni, ramani ya nyumba ilivyo sasa na ilivyokusudiwa, na maoni ya majirani kupitia Serikali ya Mtaa. Majirani hawapingi gesti yenyewe mara nyingi. Wanachopinga ni magari kuegeshwa mbele ya geti lao na muziki usiku. Ukionyesha kwenye ramani kwamba maegesho yako ndani ya ukuta, umepunguza nusu ya hoja. Kugawa sebule kuwa vyumba viwili au kugeuza banda la gari kuwa chumba ni ujenzi, na kunahitaji kibali cha ujenzi cha peke yake. Ombi hupita kwenye vikao, na vikao vina ratiba yake. Anayelenga Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili na kujaza vyumba hadi Juni, asiwasilishe ombi Februari. Hapa ndipo tunapotoa alama za chini kabisa: mwombaji anastahili kuambiwa tangu siku ya kwanza ombi lake litafika kikao kipi.

Alama za juu tunazipa ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengine huuona kama ada nyingine ya kulipa, lakini ndio ukaguzi pekee unaotazama nyumba kwa macho ya mgeni aliyelala. Mwite mkaguzi aone ramani kabla hujapiga plasta, usisubiri mpaka vitanda viko ndani. Kosa kubwa la nyumba zetu ni nondo za madirisha. Zimewekwa kuzuia mwizi, na siku ya moshi zinamfungia mgeni ndani. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mlango wa mbele na wa nyuma nao ufunguke kwa ndani bila kumtafuta mlinzi. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta wa jiko, penye hewa. Kwa nyumba ya vyumba sita, weka walau mitungi miwili ya poda kavu ya kilo 6 koridoni na mmoja wa kabonidayoksaidi karibu na swichi kubwa, kisha dumisha kadi ya ukaguzi wa mitungi hiyo. Wengi hukataliwa kwa sababu mshale wa mtungi umeshatoka kwenye kijani. Namba 114 ibandikwe nyuma ya kila mlango wa chumba.

Umeme hauzungumzwi vya kutosha. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni baridi, kwa hiyo kila mmiliki hufunga shawa za umeme. Shawa moja ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 22. Wageni watatu wakioga saa kumi na mbili asubuhi wamefikisha ampea 66, na nyumba ya njia moja ya umeme (single phase) huzidiwa. Zaidi ya hapo, udongo wa Dodoma hukauka kabisa kuanzia Mei hadi Novemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, iliyopimwa na kupita wakati wa masika inaweza isifae Septemba. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aipime wakati wa kiangazi na aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja. Mgeni aliyepigwa shoti bafuni hakuna kibali kitakachokutetea.

Kifungua kinywa nacho kina sheria zake. Ukitoa chai na chapati tu, tayari umeingia kwenye biashara ya chakula. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula umetoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kuhamia TBS, shirika la viwango, kwa hiyo sajili jengo la chakula huko. Bwana Afya wa kata naye atakagua: sinki la kunawia mikono mbali na la vyombo, choo cha wafanyakazi kisichofungukia jikoni, friji yenye kipimajoto, na cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, kinachorudiwa kila miezi sita. Ataulizia maji pia, na katika jiji hili ni swali la haki. Tukikadiria lita 100 kwa mgeni kwa siku, wageni tisa wanatumia lita 900 kabla ya kufua mashuka. Ukijumlisha na kufua, tangi la lita 5,000 litakuvusha siku nne hivi za mgao. La lita 1,000 ni la familia.

Mamlaka ya Mapato, TRA: TIN ni bure. Mtego uko kwa anayepanga nyumba. Mpangaji wa biashara ndiye anayepaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuiwasilisha, na mkataba hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kwa pango la shilingi 1,500,000 kwa mwezi, zuio ni 150,000 kila mwezi na stempu ni 180,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba asipoelezwa mapema atadai pango lake kamili, na zuio litatoka mfukoni mwako. VAT isikutishe: kizingiti ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, na vyumba sita vya 50,000 vikijaa kila siku ya mwaka vinaleta milioni 109.5.

Ukishapata cheti cha kutodaiwa kodi, leseni ya biashara inaombwa kwenye TAUSI, mfumo wa TAMISEMI. Chagua kata na mtaa sahihi, weka viambatisho, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, chapa. Inakwenda vizuri na inapunguza safari za ofisini. Kumbuka tu kwamba leseni hiyo haigusi mambo mengine. Usajili na leseni ya malazi chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 huombwa Wizara ya Maliasili na Utalii. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, husajili eneo la kazi, na ada ya usajili ilishafutwa. Wafanyakazi wana NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa pamoja, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5 kutoka kwako. Bia inahitaji leseni ya vileo peke yake. Kama huna baa, usiihangaikie.

Wengi hawajui kwamba kitabu cha wageni na nakala za vitambulisho vinakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo iko hapa hapa Dodoma. Kitabu kisiachwe wazi kaunta ambapo kila anayeingia anasoma jina, simu na chumba cha mwenzake. Tumia fomu ya karatasi moja kwa kila mgeni, na uzifungie kabatini. Kamera zielekee geti na koridoni tu, zikiwa na tangazo linalosomeka.

Leseni ya biashara huisha mwaka mmoja tangu siku ilipotolewa, cheti cha zimamoto kina tarehe yake, na vyeti vya afya ni miezi sita. Ziandike zote kwenye kalenda moja ukutani pa ofisi, na uanze kuhuisha mwezi mmoja kabla.