Apu ya kusomea Kiingereza au kitabu cha pasti pepa? Uzoefu wangu na wifi yangu anayejiandaa na gaokao

Naandika hii kwa sababu kina dada kadhaa tunaoishi huku China, wengine Guangzhou wengine Yiwu, wamekuwa wakiniuliza namsaidiaje mtoto wa nyumbani kwenye Kiingereza, na kila nikijibu kwenye simu naishia nusu maana mtoto analia au chakula kiko jikoni, sasa leo naweka yote. Mimi Mtanzania, nimeolewa Jinhua, mkoa wa Zhejiang. Wifi yangu mdogo yuko mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu, anajiandaa na gaokao, yani mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu huku China, anakaa bweni, anarudi Jumamosi jioni na Jumapili mchana anarudi shule. Hapo katikati ndo tunakaa na Kiingereza, yeye na mimi saozi wake (ndivyo anavyoniita, mke wa kaka).

Tulilipia vitu viwili: apu ya simu ya mazoezi ya kusoma, ya mwaka mzima, na kitabu cha habari za ufahamu kutoka mitihani iliyopita ya gaokao. Nasema mapema, kitabu kimeishinda apu kwa mbali sana, na apu ni ghali mara kadhaa kuliko kitabu. Ila sababu zake ndo muhimu, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Kwanza mtihani wenyewe, kwa ambao hawajawahi kuuona. Kiingereza cha gaokao kina maksi 150, sawa na Kichina na hesabu, na gaokao nzima ni 750. Ndani ya hizo 150, kusoma na kuelewa peke yake ni maksi 50, yani theluthi nzima. Unapewa habari nne, A, B, C na D, maswali 15 ya kuchagua, halafu kuna habari ya tano imetobolewa mapengo matano na chini wamekuwekea sentensi saba, unachagua tano unazipachika, mbili zilizobaki ni mtego. Kila swali maksi 2.5. Ukikosa manne tu, maksi 10 zimekwenda, na huku maksi moja inaweza kukuweka nyuma ya mamia ya wenzako. Dakika 120 kwa mtihani mzima, pamoja na kusikiliza na kuandika, kwa hiyo kwenye hizo habari zote huna zaidi ya dakika 35 hadi 40. Zhejiang wana nafasi mbili kwa Kiingereza, Januari na Juni, inachukuliwa ile yenye maksi nyingi. Ile ya Juni inakuwa tarehe 8 mchana, saa tisa mpaka saa kumi na moja.

Haya, apu. Sitaitaja jina. Ni nzuri kwa macho, ina rangi, ina sauti, kila siku inakupa habari fupi moja na maswali matatu na ukimaliza unapata alama na ka-medali. Wiki za mwanzo wifi alifurahi na mama mkwe alifurahi zaidi maana aliona mtoto yuko bize. Tatizo la kwanza habari zenyewe ni fupi mno, aya mbili hivi basi, wakati mtihani unakupa habari ya maneno mia tatu na zaidi, na ugumu wa mtihani uko hasa kwenye kubeba wazo la aya ya kwanza mpaka aya ya nne bila kulidondosha njiani. Huwezi kuzoea hilo kwa vipande. Tatizo la pili, na hili ndo kubwa, ukigusa neno lolote linatokea kwa Kichina papo hapo. Nilimkalia pembeni nikawa naangalia kidole chake, yani anagusa neno, anagusa neno, anagusa neno, mwisho wa habari amesoma Kichina kilichokatwakatwa, Kiingereza hakijapita kichwani kabisa. Anapata maswali yote. Halafu anaenda shule anapewa karatasi isiyoguswa, anakwama.

Tatizo la tatu ni la kimaisha tu. Tangu mwaka 2021 wizara ya elimu huku imesema wanafunzi kwa kawaida wasiende na simu shule, na bweni la wifi wanafuata hilo kwelikweli. Wana prepu ya usiku mpaka karibu saa nne, ambayo ndo muda wake mrefu wa kujisomea, na apu haipo. Kwa hiyo unalipia mwaka mzima kitu cha kutumia jioni moja kwa wiki. Na tulipotaka kuacha, malipo yalikuwa yamejiunga yenyewe kwa mwaka mwingine, ikabidi mume wangu apige simu tena na tena mpaka hela irudi. Angalieni sana hapo kwenye malipo ya kujirudia, zimeni mapema.

Najua kwa nini watu wanakimbilia apu. Mwaka huohuo 2021, mwezi wa saba, serikali ilibana tuisheni za biashara, hasa kwa watoto wa darasa la kwanza mpaka la tisa, makampuni mengi yakafunga au yakageukia kazi nyingine, na wazazi wakabaki wanatafuta kitu cha kushika. Simlaumu mzazi yeyote. Mama mkwe alinunua kwa upendo.

Sasa kitabu. Yuan 40 na ushee, duka la vitabu karibu na shule. Ndani kuna habari za ufahamu za mitihani halisi ya miaka ya nyuma, zimepangwa kwa mwaka, na kijitabu cha majibu kiko peke yake kinachomoka. Hicho kijitabu cha pembeni ndo kilichonifanya nichague hiki na siyo vile vingine pale rafuni, kwa sababu majibu yakiwa nyuma ya ukurasa uleule jicho linaenda lenyewe hata kama mtoto ni mwaminifu. Juu ya kila habari wameandika muda unaoshauriwa na idadi ya maneno. Na kwenye majibu, kila swali limeelezwa: jibu liko mstari gani, na sentensi ndefu zimechambuliwa kipande kwa kipande.

Niseme kitu nilichokigundua kupitia kitabu hiki, maana apu isingenionyesha. Sisi wote nyumbani tuliamini shida ya wifi ni msamiati. Wanafunzi huku wana orodha yao maarufu ya maneno 3500, wanaibeba kama msahafu, na wifi anaijua karibu yote, ukimuuliza neno mojamoja anakujibu hata usingizini. Lakini ukimpa sentensi yenye maneno anayoyajua yote bado anaielewa kinyume. Ikawa inanishangaza mpaka siku nikamwambia anitafsirie kwa mdomo, polepole, nikasikia anakopotelea. Kichina kinaweka maelezo yote MBELE ya kitu kinachoelezwa. Kiingereza kinayaweka nyuma, kama Kiswahili. Kwa hiyo sentensi kama "watafiti waliowafuatilia wakulima waliokataa mbegu mpya walikuta mavuno yameshuka", wewe na mimi tunajua aliyekuta ni mtafiti. Kwa Kichina hayo maelezo yote ya wakulima yangetangulia halafu watafiti ndo wanatokea mwishoni, wamekaa jirani kabisa na kitendo chao. Yeye akisoma Kiingereza anapofika kwenye kitendo anamshika mtu wa karibu, anasema wakulima ndo walikuta. Na mtunga mtihani anajua, jibu la wakulima lipo pale linamsubiri.

Tangu hapo kila sentensi ndefu anatia mabano kwa penseli kwenye maelezo ya katikati, anatafuta nani kafanya nini, ndo anarudi kwenye mabano. Polepole sana mwanzoni. Baadaye mkono ukazoea, na siku hizi nyingi anaziona bila penseli.

Jinsi tunavyokitumia: anasoma habari moja kwa saa ya ukutani, dakika saba au nane, bila kamusi, bila kuniuliza. Anajibu. Kabla ya kufungua majibu anatakiwa anionyeshe mstari uliompa kila jibu, anaupigia mstari chini. Kama hana mstari, hata jibu likiwa sahihi tunalihesabu bado. Halafu sehemu ninayoipenda kuliko zote, yale majibu matatu mabaya: kwa nini ni mabaya? Hapa tunaongea Kichina, hakuna haja ya kumtesa kwa Kiingereza, akili inatakiwa iwe huru. Baada ya muda tukaanza kuona mitego ni ileile inazunguka. Kuna jibu ambalo ni kweli kwenye dunia lakini habari haijasema. Kuna jibu lililokuza, habari imesema "baadhi" jibu linasema "wote". Kuna lililogeuza sababu ikawa matokeo. Na kuna lile hatari zaidi kwa mtoto aliyekariri maneno 3500, jibu lililonakili maneno yaleyale ya kwenye habari yakapangwa upya yakawa na maana nyingine, huku jibu sahihi limetumia maneno tofauti kabisa kusema jambo lilelile. Mtoto anaona maneno anayoyatambua anafurahi, anachagua. Nilimwambia wifi, ukiona jibu linafanana sana na habari, hapohapo simama ulikague mara mbili.

Habari A huwa ni tangazo, ratiba, safari za matembezi, vitu vya namna hiyo, hapo anapita haraka. B mara nyingi ni maisha ya mtu. C na D ndo zenye sayansi na utafiti, na D ndo inayowaliza watoto. Ila nimeona kinachomtisha kwenye D mara nyingi ni majina tu: jina refu la profesa, jina la chuo, jina la mdudu kwa lugha ya kisayansi. Anasimama analitamka kichwani, dakika inaondoka. Sasa anazungushia duara herufi ya kwanza anaendelea, profesa anakuwa "M" mpaka mwisho wa habari, na hakuna swali lililowahi kumdai zaidi ya hiyo M.

Kwa yale mapengo matano kitabu kinaeleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi: angalia sentensi iliyo kabla na iliyo baada, tafuta viwakilishi, kama sentensi ya chaguo inasema "wao" basi wao ni kina nani, lazima wawe wametajwa tayari. Sehemu hii ilimnyookea mapema.

Mapungufu ya kitabu, yapo. Karatasi nyepesi, ukifuta kwa nguvu inachanika. Maelezo yote ni kwa Kichina, kwa hiyo kama wewe dada hujafika kusoma Kichina vizuri utamtegemea mtoto akusomee, ambayo kwa kweli siyo mbaya maana akikueleza anaelewa zaidi, lakini ujue. Baadhi ya maswali ya kuulizia mtazamo wa mwandishi, anaunga mkono au ana mashaka au hajaegemea upande, wameelezwa kwa mstari mmoja wa haraka, na hayo ndo yanataka maelezo marefu. Na nusu ya mwisho ya kitabu ni habari za majaribio walizotunga wenyewe, siyo za gaokao halisi, hizo ubora umeshuka, kuna maswali tuligombana nayo Jumapili asubuhi nzima na nikabaki naamini majibu mawili yote yanafaa. Siku hizi hatuzigusi. Pasti pepa halisi ukizirudia mara ya pili baada ya miezi kadhaa zinafundisha kuliko habari mpya mbovu.

Nyongeza tuliyoiweka ni gazeti la wanafunzi la 21st Century Teens, linatolewa na China Daily, shuleni kwao wanaagiza. Siyo la mazoezi, ni la kusoma tu kwa raha, anachagua habari moja anayoipenda ananisomea kwa sauti wakati napika. Nasikia pale anapokata pumzi katikati ya sentensi, najua hapo hajaelewa muundo, namwambia rudia. Mtu akisoma kwa sauti huwezi kudanganyika.

Matokeo: kwenye sehemu hii ya maksi 50 alikuwa anapoteza 15 mpaka 20 kwenye majaribio ya shule, sasa hivi zinapotea tano au saba na nusu, na zikipotea ni za D. Nampongeza yeye, amepiga msuli. Prepu zake zote za usiku wa Jumatano ni kitabu hiki.

Apu naipa nyota mbili kati ya tano, labda kwa mtoto wa sekondari ya chini anayetaka kuzoea tu. Kitabu nyota nne na nusu. Mkienda kununua angalieni kwenye jalada mwaka wa toleo, na mhakikishe mitihani iliyomo ni ya muundo unaotumika mkoa wenu, kwa sababu muundo umebadilika na mikoa haifanyi karatasi moja yote. Fungueni kijitabu cha majibu palepale dukani, msome maelezo ya swali moja la habari D. Kama yanasema tu "jibu liko aya ya tatu" bila kueleza kwa nini hayo mengine siyo, kirudisheni rafuni mchukue kingine.