Ramani ya Afrika ya ukutani: ikunjue kwanza, utafute Juba

Nafundisha darasa la tano hapa Mikindani. Ramani hii nimeinunua kwa hela yangu, shilingi 18,000, kwenye duka la vifaa vya shule karibu na soko kuu la Mtwara. Ni ya plastiki, upana mita moja na kidogo, ina fito juu na chini. Iko ukutani muhula mzima sasa.

Nianze na lililonikera. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na Sudani moja. Niligundua nikiwa nyumbani, nimeitandaza kitandani. Sudani Kusini imepata uhuru Julai 9, 2011, wanafunzi wangu hawajazaliwa, halafu niwafundishe kwamba Sudani ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika? Ni Aljeria tangu mwaka huo. Kesho yake nikarudi. Muuzaji hakubisha. "Samahani mwalimu, mizigo imechanganyika," akasema, akakunjua nne juu ya kaunta, tukainama wote kutafuta Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini. Tukaiona kwenye ya tatu. Wala hakuniongezea bei.

Rangi zimekolea, na mipaka inaonekana hadi dawati la nyuma. Ila jua likiingia dirishani plastiki inang'aa, watoto wa upande ule hawaoni kitu, ikabidi niihamishie ukuta mwingine. Majina yote ni ya Kiingereza. Nimekata vikaratasi nikabandika Msumbiji, Misri, Afrika Kusini na nyingine, kazi ya jioni mbili. Visiwa vya Komoro, jirani zetu wa baharini, vimeandikwa kwa herufi ndogo mno.

Kilichonifanya niipende ni Ruvuma. Kitabuni mto wetu ni mstari wa mpaka tu. Hapa umechorwa kwa buluu, unaufuata mpaka unapomwagika baharini. Siku ya kwanza binti mmoja, mpole, hasemi sana, alikuja akaweka kidole upande wa kusini wa mto: "Shangazi yangu anakaa hapa, ng'ambo." Tangu hapo kila kipindi kinaanzia Ruvuma, ndipo tunatoka kwenda mbali. Sijapata njia bora kuliko hiyo. Orodha ya nchi 54 na miji mikuu yake mtoto anaikariri leo, keshokutwa imepotea.

Wiki iliyopita niliwauliza: ukitoka Mtwara kwenda bahari ya Atlantiki kwa kuvuka mipaka michache kabisa, unapita wapi? Wengi wakasema Zambia, kisha Angola. Mipaka miwili. Kijana mmoja akasema yeye anavuka Ziwa Tanganyika, anaingia Kongo, basi. Wenzake wakamzomea: "Kongo haina bahari!" Nikamwita mbele. Akafuata Mto Kongo kwa rula hadi mwisho, na pale, katikati ya Angola na kipande chake cha Cabinda, kuna ufukwe mwembamba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kilomita 40, haufiki nusu ya barabara ya Mtwara hadi Lindi. Mpaka mmoja tu! Kelele zilizopigwa, mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Ukutani pale ufukwe ule unaonekana. Kwenye kitabu chetu hauonekani.

Kwa mwalimu au mzazi wa Mtwara anayeitaka: nilipoondoka dukani, kati ya zile zilizokunjuliwa, yenye Juba ilikuwa imebaki moja.