Kliniki ya sukari na presha, kituo cha afya cha kata yetu, Temeke: nyota nne

Haya nawaandikia mliokaa na mgonjwa wa akili nyumbani. Wengine mtashangaa kituo chenye mabenchi ya mbao na choo kinachokosa maji kupewa nyota nne. Jina lake silitaji, maana mdogo wangu anajulikana mtaani na atatambulika.

Ana skizofrenia tangu akiwa chuo. Anameza olanzapine, dawa yake ya akili, usiku, ametulia, na mchana ananisaidia duka la vifaa vya ujenzi. Misumari anaipima yeye na hesabu hakosei. Ila alinenepa ghafla, kisha ikaja kiu isiyokatika na kuamka usiku kwenda kukojoa.

Tulianzia hospitali moja kubwa. Dokta alimsikiliza vizuri tu mpaka alipoiona kadi ya kliniki ya akili. Kuanzia hapo maswali yote yakaja kwangu: anameza dawa? Analala? Anaongea peke yake? Mwenyewe akasema, "Dokta, nina kiu." Akaandikiwa arudi kliniki ya akili. Kule nako wakasema kiu na mkojo ni mambo ya daktari wa kawaida. Sukari hakuna aliyempima, huku wala huku.

Kwenye hiki kituo cha kata, nesi wa mapokezi alimpima presha na uzito, akamzungushia futi tumboni, akasoma pakiti za dawa moja moja. Kisha akamgeukia yeye: "Kaka, tangu uanze hivi vidonge umeongezeka kiasi gani?" Mdogo wangu akajibu, "Suruali zangu zote anavaa huyu." Akanioneshea kidole. Nesi akacheka, nikacheka na mimi, maana niliyokuwa nimevaa ilikuwa yake kweli.

Sukari ya asubuhi, hajala kitu tangu usiku, ilisoma 13.2. Ukianzia 7 tayari ni kisukari. Wakarudia siku nyingine kuhakikisha, ndipo akaanzishiwa metformin, dawa ya sukari. Tabibu alitueleza bila haraka kwamba olanzapine huongeza hamu ya kula na inaweza kupandisha sukari, lakini tusithubutu kuikata wenyewe. Akaandika barua kwa daktari wa akili, waangalie kama kuna dawa nyingine inayomfaa.

Kilichonikosha zaidi ni suala la sigara. Wengi humwambia mvutaji aache, basi. Huyu tabibu alisema moshi wa sigara hulifanya ini liivunje olanzapine haraka, kwa hiyo siku mdogo wangu akiacha ghafla, dawa itajaa mwilini na anaweza kusinzia kupita kiasi. Aache, ila kliniki ya akili ijulishwe mapema wamrekebishie dozi. Miaka yote ya kuhudhuria kliniki sijawahi kuambiwa hivyo.

Na si kwamba haya ni mambo ya pembeni. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na sehemu kubwa ni kwa magonjwa ya mwili yanayozuilika. Sisi wa nyumbani tunachoogopa ni akivua nguo barabarani. Moyo wake hatuuwazi.

Foleni ni ndefu, hilo lipo. Mdogo wangu hawezi kukaa kwenye msongamano, akawa anasubiri nje chini ya mwarobaini, na nesi alitoka mwenyewe kumwita zamu ilipofika. Hakuna aliyemwomba.

Nyota moja nimeikata dirisha la dawa. Mhudumu alipaza sauti, "Yule wa dawa za akili yuko wapi?" mbele ya watu wote, wakati metformin si dawa ya akili hata kidogo. Mdogo wangu aliondoka bila dawa, ikabidi nizichukue mimi. Nilimweleza mganga mfawidhi, alisikiliza, akaandika. Siku hizi wanaita namba, japo yule mhudumu bado ananiangalia vibaya. Poa tu.

Kipimo cha sukari cha miezi mitatu hawana, mtaelekezwa maabara ya nje na mtalipa wenyewe.

Mkienda, fikeni kabla ya saa moja na mgonjwa asiwe amekula. Bebeni pakiti zenyewe za dawa, msitegemee kumbukumbu. Kiti cha karibu na tabibu akalie mgonjwa, wewe kaa nyuma na unyamaze mpaka uulizwe. Dawa ikiwa imeisha dirishani, duka la ng'ambo ya barabara huwa wanayo, ila ulizeni bei kwanza.