Kitanda cha tano kwa sita: inama ukague chini kabla hujasifia kichwa

Ukiingia Keko, mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam, kutafuta kitanda, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kichwa. Kimechongwa maua, kimepigwa vanishi mpaka unajiona, na muuzaji anakipiga kofi kama anayemnadi ng'ombe. Lakini sijawahi kusikia kitanda cha mtu kimevunjika kichwa. Kinachovunjika ni chaga, zile mbao zinazobeba godoro, na kinachoachia ni maungio ya tendegu (miguu ya kitanda) na zile mbao ndefu za ubavuni ambazo wazee wanaziita mifumbati. Huko ndiko mnunuzi haangalii. Orodha hii nimeipanga kwa kuinama, na nimempangia mtu wa nyumba ya kupanga, anayejua atahama mara mbili tatu kabla hajajenga.

Kwanza vipimo. Tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183, na kwa chumba cha kupanga inatosha. Sita kwa sita (nazungumzia futi, usicheke) ukiichanganya na kabati, utakuwa unapita kwa ubavu. Kama una godoro lililotoka nje ya nchi, lipime kabla ya kuongea na fundi: mengi yana urefu wa sentimita 200, na fremu yetu ya futi 6 hailipokei.

Nafasi ya kwanza: mtiki wa kuchongesha. Mtiki, au msaji kwa lugha ya vitabuni, unapandwa mashamba kama Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na haujipindi ovyo unyevu unapopanda na kushuka. Kasoro yake ni uchanga: ubao wa mti mdogo unakuja na kingo nyeupe, na weupe ule ndio fukusi wanaoutafuta. Mwambie fundi asiuweke kwenye tendegu wala ubavuni. Ukitokea kichwani, vumilia.

Kuchongesha kuna faida moja kubwa kuliko mbao yenyewe: unaamua wewe kinachokaa chini ya godoro. Taka chaga za unene wa inchi 1 na upana wa inchi 3, na nafasi kati ya chaga na chaga isizidi vidole vinne. Kwa futi 6 hiyo ni chaga kama 12. Kitanda changu cha kwanza kilikuwa nazo 7, na godoro la sponji lilikuwa linazama katikati ya chaga kama unga kwenye chekeche. Taka pia mbao ya katikati inayotoka kichwani hadi miguuni, yenye mguu wake unaogusa sakafu. Na ule ubao mwembamba unaobeba ncha za chaga ufungwe kwa gundi na skrubu. Ukipigwa misumari mitupu, inachomoka kidogo kidogo kila mtu anapojigeuza, na ndiyo inayozaa ile kelele ya usiku inayowafanya wapangaji wenzako wakusalimie asubuhi kwa kicheko.

Maungio ya tendegu yawe ya boliti na nati. Boliti ikilegea unaikaza kwa spana dakika mbili. Kitanda kilichogongwa misumari moja kwa moja hakihami, kinabomolewa.

Nafasi ya pili: mninga wa mtumba. Mninga mpya ni kitanda bora kuliko vyote hapa, sibishani na mtu, ila bei yake inakutoa kwenye hoja ya unafuu. Uliotumika ndio wa kuvizia: mtu anahamishwa kikazi, au familia inauza vyombo. Mbao iliyokaa chumbani miaka kumi imeshakauka, kama ilitaka kupinda ingeshapinda. Mbao ya mkongo nayo ukiipata ichukue, ila tafuta wabebaji wenye mgongo. Kagua matundu madogo yenye unga chini yake, hao ni fukusi. Kisha toa chaga zote, nenda nazo nje kwenye jua, angalia kama kuna madoa meusi au kunguni wenyewe kwenye nyufa. Muuzaji akisema hakuna haja ya kutoa chaga, kuna haja.

Tahadhari kwa anayenunua mninga mpya dukani. Kile kitanda changu cha chaga 7 niliuziwa kwa jina la mninga. Chaga ilipokatika, ndani ilikuwa nyeupe pee: paini iliyopakwa rangi ya kahawia. Tangu hapo nageuza ubao upande ambao vanishi haikufika na kuukwaruza kwa funguo. Mninga ni kahawia mpaka ndani, na una uzito. Rangi inayotoka kwenye funguo ni ya kopo.

Nafasi ya tatu: chuma. Kwa mwanafunzi, kwa deka (kitanda cha ghorofa) la watoto, na kwa mtu aliyekwishaliwa na kunguni akachoka, chuma kinaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Gonga bomba kwa funguo: jembamba linalia kama kopo, nene linatoa sauti nzito. Angalia sehemu zilizochomelewa, zizunguke pande zote nne za bomba. Ncha za bomba zifunikwe, vinginevyo wadudu wamepata nyumba. Ukiishi karibu na bahari, kutu ni suala la muda tu, kwa hiyo uliza kama kilipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile nyeusi ya kung'aa.

Nafasi ya nne: paini inayojulikana kuwa ni paini. Paini ya Sao Hill, Mufindi, haina ubaya ikiuzwa kwa jina lake. Iwe imetiwa dawa, mbao za ubavuni ziwe na unene wa inchi 2, na zisiwe na kifundo katikati, lile duara jeusi palipotoka tawi. Hapo ndipo inapokatikia.

Vitanda vya sofa, vile vilivyovikwa kitambaa, vinapendeza kwenye picha. Ndani ya kitambaa na vifungo vile kuna mifupa ambayo huwezi kuikagua, na kunguni akiingia humo utamtoa na kitanda chenyewe. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, naiweka mkiani kabisa: ikilowa wakati wa kudeki inavimba, na matundu ya skrubu hayavumilii kufunguliwa mara ya pili.

Malipo sasa. Toa nusu, nyingine baki nayo. Fundi mmoja alinipokea hela yote, nikaambiwa "njoo kesho" kwa wiki tano. Siku ya kuchukua, kalia kila kona ukiwa pale pale karakana, tikisa kichwa cha kitanda, sikiliza. Kisha kifunguliwe mbele yako, kila kipande kiandikwe namba kwa chaki, nati zote ziingie kwenye mfuko mmoja unaoushika wewe, siyo dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nusu iliyobaki itoke mfukoni kitanda kikiwa kimesimama chumbani kwako.