Huduma ya kusafisha udongo wenye dizeli kwa bakteria: tathmini kutoka Changamwe

Wenye yadi za malori hapa Changamwe na Jomvu, Mombasa, wamekuwa wakiniuliza kama huduma ya kusafisha udongo kwa bakteria, bila kuuchimba wala kuuhamisha, inastahili bei yake. Kwa dizeli na oili chafu inastahili, ila si kila kitu kinachoandikwa katika ankara kinafaa kulipiwa.

Katika yadi yetu tangi la chini ya ardhi lilikuwa limevuja. Kampuni tuliyoiajiri ilitoboa mashimo, ikazamisha mabomba ya plastiki yenye matundu na kuyaunganisha na mashine inayopuliza hewa polepole, kisha ikatia maji yenye mbolea ya naitrojeni na fosforasi. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Fundi alizima mashine, akachomeka kipimo katika bomba, akatuonyesha oksijeni ikishuka saa baada ya saa huku kabonidayoksaidi ikipanda, ishara kwamba chini kule bakteria walikuwa wakiila dizeli.

Nisichokikubali ni majerikeni ya bakteria tuliyouziwa kwa bei ghali. Udongo uliolowa mafuta kwa miaka kwa kawaida huwa tayari na bakteria wanaoweza kuyala, wakiwemo wa jamii ya Pseudomonas, nao hupungukiwa na hewa na mbolea tu. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, sehemu za fukwe zilitiwa mbolea ili kuwachochea bakteria wa papo hapo.

Zito zaidi ni ahadi ya muuzaji kwamba bakteria hao wangeimaliza pia risasi, yaani metali yenye sumu, ya betri kuukuu zilizokuwa zikivunjwa kando ya ukuta. Risasi ni elementi, na hakuna bakteria awezaye kuivunja ikatoweka. Katika mji ambao wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, maneno hayo hayafai kutamkwa kabisa. Tuliifuta sehemu hiyo katika mkataba.

Atakayeajiri kampuni ya namna hii adai sampuli za kina mbalimbali, hadi karibu na maji ya visima, zipelekwe katika maabara aliyoichagua mwenyewe, maana harufu hupotea mapema na mafuta mazito yakabaki. Kwetu dizeli imepungua sana penye kichanga. Penye mfinyanzi hewa haipenyi vizuri, na mashine ingali inapuliza.